Sura ya Sita: Jiwe Lililotoka Chini

Inspekta Élise Ngoie alifika ofisini asubuhi hiyo akakuta meza yake tupu. Jiwe halipo. Na jiwe lenyewe si kokoto la kupotelea chini ya kabati: lilikuwa kubwa kama mkate wa familia, la kijivu linalometameta, zito hata mtu alibebe kwa mikono miwili, na ndilo lililompasua marehemu Godefroid kisogo. Kielelezo cha mauaji kimetoweka ndani ya kituo cha polisi! Ukisikia vituko, ndivyo hivyo.

Alimwita Évariste, msaidizi wake, mtu mzima mwenye kitambi na hofu za kila aina. Évariste akajikuna shingo, akakohoa, mwisho akaeleza kwamba jiwe liko salama nyuma ya choo, amelifunika kwa ndoo. Kisa? Jiwe lina vidole vya buluu ndani yake, na yeye alizaliwa karibu na Shinkolobwe, kwenye mgodi wa urani. Mawe ya rangi anayajua, yanamaliza watu nywele na meno. Élise akamwambia kwamba kama kweli ni la Shinkolobwe, basi amelala nalo kituoni tangu mwanzo wa juma, na sasa amelihamishia wanakokwenda wenzake wote kila siku. Évariste hakucheka. Alikwenda kulileta, amelizungushia magazeti matatu, akaliweka mezani na kurudi nyuma kama aliyeweka yai.

Élise naye hakuwa na moyo wa kucheka zaidi. Jioni hiyo, saa kumi, gari la wafungwa lingekuja kumchukua Séraphin, mchimbaji, kumpeleka gereza kuu. Kila mtu mjini anajua faili likishafika huko hulala usingizi wa pono, na mwenye faili huamka mzee, kama ataamka. Na Séraphin aliwekwa ndani na Élise mwenyewe.

Mambo yalikuwa hivi. Godefroid, mnunuzi wa madini, alikutwa amekufa ndani ya shimo kwenye machimbo ya njia ya Kambove, kichwa kimepasuka, jiwe liko chini yake na damu imeganda juu. Wachimbaji wote waliapa kwamba jiwe la namna ile hawajapata kuliona. Élise akavunja kipande, akampelekea Michelle, mwalimu wa jiolojia katika taasisi moja hapo mjini. Kesho yake Michelle akampigia simu, mtandao unakatika kila neno la tatu, akasema, “Inspekta, hili limetoka chini. Chini sana, huwezi kuamini.”

Sasa niambie, wewe ungefanya nini? Huku Likasi muulize yeyote chini ni wapi, atakuonyesha shimo. Chini ndiko baba anakoshuka asubuhi na tochi kichwani, chini ndiko ada ya shule inakotoka, na siku nyingine chini ndiko baba anakobaki. Na pale machimboni hakuna shimo lililoshuka kuliko la Séraphin. Jiwe limetoka chini sana, shimo lililo chini sana ni la Séraphin, maiti imo ndani ya shimo la Séraphin. Hesabu ilikaa vizuri mno. Élise akamfunga pingu, na mwendesha mashtaka akampongeza.

Lakini usiku kucha kitu kimoja kilikuwa kinamtafuna. Ni mpumbavu gani anayeua mtu kisha anamtupa mlangoni mwake mwenyewe? Kwa hiyo asubuhi hiyo alilitia jiwe ndani ya mfuko, Évariste akiwasha pikipiki huku ananung’unika, wakaenda machimboni.

Aliyewapokea ni Ricky, mshirika wa Séraphin, kijana wa mabega mapana ambaye tangu kukamatwa kwa mwenzake alikuwa haangalii askari usoni. Élise hakubembeleza. Alimwambia ashuke mpaka mwisho wa shimo, alete kipande cha kila aina ya jiwe atakayoikuta, asiruke hata moja. Ricky akapotea na kamba yake. Évariste alisogea pembeni, akasema yeye shimo hulisalimia kwa mbali.

Ricky aliporudi, jasho limemwosha vumbi usoni, alimwaga gunia miguuni pa Élise. Kulikuwa na mawe meusi yanayochafua vidole, mawe ya kijani, udongo wa kahawia, na vipande vya jiwe la kijivu lililofifia, ambalo Ricky alilipiga nyundo mara moja likapasuka kama biskuti. Lililometa hakuna. La vidole vya buluu hakuna. Élise alichutama akageuza kipande kimoja kimoja, akakiweka kando ya jiwe lake, na kila kimoja kilikataa undugu.

“Mama, angalia weye mwenyewe,” Ricky akasema. “Hii njo ya chini kabisa. Chini ya hapa ni mayi tu.”

Élise alimuuliza kama kuna shimo lingine la siri, lililoshuka zaidi. Ricky akatikisa kichwa. Halafu akasema jambo ambalo tangu mwanzo hakuna aliyemuuliza, na ambalo yeye aliona kila mtu analijua.

“Na tena, mutu wa carrière, wa machimbo, hawezi kumwaga damu mu shimo yake. Madini inakimbia. Hata kuku hatuchinji karibu. Yule mwenye alimutupa Godefroid humu, haiko muchimbaji.”

Évariste, ambaye kwa mambo ya namna hiyo ni mwanachuo, akaitikia kwamba ni kweli tupu. Élise akawatazama wote wawili. Imani si ushahidi, hakimu atamcheka. Lakini mtu akiamini jambo analifuata hata akiwa na hasira. Basi jiwe limetoka chini sana, na shimo la chini kuliko yote halina jiwe hilo. Muuaji amelitumia shimo la mchimbaji, na si mchimbaji. Kichwa kilimzunguka. Ama Michelle amekosea, ama Ricky anaficha, ama yeye Élise kazi hii imemshinda akauze vitenge sokoni. Alikuwa amechanganyikiwa, na alikuwa na hofu pia, maana jua lilikuwa linapanda na saa kumi haimngoji mtu.

Michelle walimkuta maabarani, umeme umekatika, amesogeza darubini yake dirishani ili kioo chake kinase mwanga wa jua. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka thelathini hivi, mwenye tabia ya kujibu swali kwa swali. Élise hakumsalimia sawasawa. Alilitua jiwe mezani akamwambia kwamba amemtuma mtu chini, mpaka kwenye maji, na jiwe hili halipo.

“Ulimtuma chini ya wapi?” Michelle akauliza.

“Ya shimo. Weye njo ulisema limetoka chini.”

Michelle akaelewa, na uso ukambadilika. “Mama yangu,” akasema polepole, “chini niliyosema minye ni zaidi ya kilomita makumi tatu.”

Évariste akapiga mluzi. Élise akakaa. Alisema hakuna kamba ya urefu huo Katanga nzima.

Hapo Michelle akamvuta kwenye darubini, akamwonyesha kipande cha jiwe kilichosagwa kikawa chembamba hata mwanga unapita. Élise aliona punje nyekundu za mviringo, na pembeni vipande virefu visivyo na rangi. Zile nyekundu ni grenat, Michelle akamweleza. Hivi virefu, ambavyo vikisagwa vyembamba hupoteza rangi, ndivyo vidole vya buluu vinavyomtisha Évariste, Wafaransa huviita disthène, na havina sumu yoyote. Unaweza kupika bukari juu yake. Tena bukari ndiyo mfano wenyewe: unga ukishaiva umeiva, huwezi kuurudisha ukawa unga, na mpishi mzuri akiuonja atajua uliachwa motoni sana au kidogo. Jiwe nalo hivyo hivyo. Disthène haizaliwi juu juu. Lazima jiwe ligandamizwe na uzito wa kutisha, na moto juu yake. Na ile grenat ilikua taratibu, duara juu ya duara kama kitunguu, kila duara limeweka kumbukumbu ya moto na uzito wa wakati wake. Ukiyasoma maduara hayo kutoka katikati kwenda nje, unaliona jiwe linazama, linazama, mpaka chini kabisa, kisha linaanza kurudi.

“Uzito wa nini?” Élise akauliza. Alikuwa amekwisha kusahau kuwa ana hasira.

“Wa milima. Iliyolikalia.”

Élise alitazama dirishani. Milima gani? Vilima vya Likasi mtoto anavipanda bila kuhema. Michelle akasema ndiyo hiyo hiyo, ila imekwisha. Zamani za kale, kabla ya mti wa kwanza kuota duniani, nchi mbili kubwa zilisukumana, moja ya kaskazini na moja ya kusini, na katikati yake kukasimama mlolongo wa milima wa kuziba mbingu. Mvua ikaila. Upepo ukaila. Na kadiri juu kulivyopungua, chini kulipanda, kama mtumbwi wa wavuvi wa ziwa Tshangalele unavyoinuka samaki wakishushwa. Mpaka siku moja jiwe lililokuwa shinani mwa mlima likajikuta liko juu, linapigwa na jua.

“Kwa hiyo sasa haliko chini,” Élise akasema.

“Hapana. Sasa unaliokota shambani. Lakini si hapa.” Michelle alichukua kipande kile cha kijivu cha Ricky kilichopasuka kama biskuti, ambacho Élise alikuja nacho. “Sisi wa Likasi tulikuwa pembeni ya ile milima. Mawe yetu yalikunjwa tu, hayakuiva. Shina lenyewe lilikuwa kusini. Jiwe kama lako unalipata ng’ambo ya mpaka, kule Solwezi. Hapa kwetu haliwezi kufika kwa miguu yake.”

Élise alishika kichwa. Alicheka kidogo, kisha akataka kulia. Amemfunga mtu kwa neno moja. Angemuuliza Michelle swali moja tu, chini ya wapi, Séraphin angekuwa amelala kwake. Kuuliza si ujinga, walimu wake walimwambia hivyo tangu darasa la kwanza, na leo amekuwa mjinga kwa kutouliza.

Lakini aibu haifungui mlango wa mahabusu. Alilivuta jiwe karibu, akaligeuza dirishani. Ikiwa limebebwa, limebebwa na nani, na kwa nini? Hakuna anayesafiri kutoka Solwezi na jiwe mapajani kwa ajili ya kumpiga mtu. Mawe ya kupigana yamejaa kila mahali, bure. Basi lilikuwa na kazi nyingine. Upande mmoja wa jiwe ulikuwa umesuguliwa laini, umebonyea kidogo, na una weusi ambao yeye alidhani ni moshi wa taa za wachimbaji. Alilowesha kitambaa akausugua. Weusi haukutoka kama masizi, ulivutika. Akaunusa. Akampa Évariste anuse, naye Évariste, kwa mara ya kwanza juma hilo, akaligusa jiwe bila gazeti.

“Pneu,” akasema Évariste. Ilikuwa harufu ya mpira wa gurudumu.

Guy alikuwa mkuu wa maegesho ya malori kwenye barabara ya kutokea mjini, mzee aliyejaa mafuta ya injini mpaka ndani ya masikio. Élise hakumweleza lolote. Alilitoa tu jiwe mfukoni, akauliza ni nini. Guy hata hakuinama kulitazama vizuri.

“Hii ni cale,” akasema. “Banaweka nyuma ya pneu, camion isirudi nyuma ku mulima.”

Akaendelea kueleza, maana mzee huyo ukimgusa hanyamazi. Jiwe la hapa ukiliwekea lori lenye mzigo linapasuka, lori linakuua. Jiwe la kule Solwezi ni gumu, na hizi punje nyekundu zinang’ata lami kama meno. Madereva wanaokwenda kule kuleta unga wa mahindi wanarudi na mawe hayo, na dereva akishapata lake zuri haliachi, hulipenda kama mke. Mengine hata yana majina. Élise akauliza ni malori mangapi ya hapa yanakwenda Solwezi. Guy akahesabu kwa vidole: moja limevunjika ekseli liko juu ya magogo tangu masika, nyasi zimeota ndani. Linalobaki ni moja, la Édouard.

Édouard! Shemeji wa marehemu, kaka wa Sephora mjane. Yule aliyelia kwenye kilio kuliko wote, akajigaragaza chini mpaka watu wa kanisa wakamshika. Na Sephora mwenyewe alikwisha kumwambia Élise kwamba kaka yake na mume wake hawakusalimiana tangu Pasaka, kwa ugomvi wa nyumba ya baba mkwe. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea. Alimshukuru Guy, akamkimbiza Évariste kwenye pikipiki, na njia nzima alikuwa anaipanga kesi upya: shemeji, ugomvi, lori, jiwe. Safari hii hesabu ilikaa vizuri zaidi kuliko ile ya kwanza. Jambo hilo lingepaswa kumtia wasiwasi, na halikumtia.

Walipofika kituoni gari la wafungwa lilikuwa limekwisha kusimama uani, mlango wa nyuma uko wazi. Élise akamwambia Évariste amshike dereva kwa maneno, amsimulie lolote, hata habari za Shinkolobwe, ila asimwache apige honi. Langoni alipishana na Elie, mdogo wake Séraphin, mtu mzima wa miaka thelathini na ushee, ambaye alikuwa ameleta chakula na sasa amekaa ukutani akingoja vyombo. Elie alisimama akamwamkia kwa heshima. Élise akaitikia bila kusimama.

Séraphin alikuwa amechutama sakafuni, anakula bukari na samaki. Alikuwa na ndevu nyeupe za siku chache na macho ya mtu asiyelala. Tangu akamatwe alikuwa amesema jambo moja tu, asubuhi na jioni, bila kuongeza neno: hakuua mtu. Élise alichutama mbele yake, jambo ambalo maofisa hawafanyi, akamwambia waziwazi.

“Papa Séraphin, minye nilikosea. Jiwe haliko la shimo yako.”

Séraphin aliacha kutafuna. Élise akamweleza, kwa haraka na kwa furaha, kwamba jiwe limetoka Solwezi, limekuja na lori, lilikuwa la kuzuia gurudumu. Leo hii angemwandikia barua ya kumwachia. Lori la Solwezi ni moja tu, la Édouard, na jioni hiyo hiyo atakwenda kumchukua Édouard. Anataka kitu kimoja kwake: je, siku ile alimwona Édouard karibu na shimo? Au hata lori lake tu? Aseme ndiyo, na gari lililo uani litarudi tupu.

Neno moja tu, na mtu anakwenda nyumbani. Élise alingoja. Séraphin alilitua tonge kwenye sahani, taratibu, akajifuta vidole kwenye suruali. Hakuonekana kama mtu aliyefunguliwa. Alionekana kama mtu ambaye udongo umemwangukia.

“Ku Solwezi,” akasema.

“Ku Solwezi.”

“Édouard haiko yeye.”

Élise akauliza anajuaje. Séraphin akatazama sakafu. “Édouard iko na camion,” akasema, “lakini hajue kuendesha.”

Kesi yote aliyoipanga juu ya pikipiki ikamporomokea Élise miguuni. Alifungua mdomo kuuliza ni nani basi anayeliendesha, na kabla hajauliza Séraphin alimshika mkono.

“Andika kama ni minye,” akasema. “Nilimupiga minye. Andika sasa, gari iko inangoja.”

“Ulimupiga na nini?”

“Na ile jiwe.”

“Ulilitoa wapi?”

Séraphin alijaribu kutafuta jibu, Élise aliona anavyolitafuta, macho yanakwenda huku na huku kama ya mtu aliyepoteza ufunguo gizani. Kisha akaacha kutafuta. Machozi yakamtoka, yakaingia kwenye ndevu, wala hakuyafuta.

“Mama, muache huyu mutoto,” akasema. “Mama yetu alikufaka yeye angali ananyonya. Minye njo nilimulea, mpaka akajua kuendesha camion. Bibi yake iko na mimba. Minye nimezeeka, hata chini siwezi tena. Muache.”

Élise alitaka sana asiwe amesikia.

“Papa Séraphin,” akasema, “minye sijataja mutoto yeyote.”

Séraphin akafumba macho. Nje, uani, Elie alikuwa anamuuliza Évariste, kwa upole, kama yaya wake, kaka yake mkubwa, amekwisha kula.